Vipande Vidogo, Chombo Kimoja: Ufundi wa Kuunga na Kukereza Mbao

Septemba 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha habari kubwa kutoka mpakani mwa Tanzania na Zambia. Kando ya mto Kalambo, juu ya maporomoko yanayoshuka kwa zaidi ya mita 200, watafiti walioongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walikuwa wamefukua, upande wa Zambia, magogo mawili yaliyoungwa. Gogo la juu lilichongwa pengo kwa makusudi ili likae imara juu ya gogo la chini. Kwa vipimo vyao, kazi hiyo ina umri wa miaka isiyopungua 476,000, na ardhi iliyolowa maji ndiyo iliyoihifadhi isioze. Hakuna maungo ya mbao ya kale zaidi ya hayo yanayojulikana.

Mpaka huohuo ndio unaopita Kasesya, kituo cha forodha katika wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa, kwenye njia itokayo Sumbawanga kupitia Matai kuelekea Mbala. Makala haya yanahusu maungo madogo zaidi, ambayo kijana wa Kasesya au Sumbawanga anaweza kuyafanya kwa mbao zinazotupwa: chombo cha maua kilichoundwa kwa vipande vingi, vikaunganishwa kwa gundi, kisha kikakerezwa hadi kikawa laini kama kimetoka katika gogo moja.

MABAKI YANAYOTEKETEA

Kila karakana ya samani huwa na lundo la vipande vifupi. Fundi akikata mguu wa kitanda au fremu ya mlango, hubaki na kipande cha sentimita kumi, na kipande hicho huishia jikoni. Kama ni paini, hasara ni ndogo. Kama ni mninga, hasara ni kubwa, kwa kuwa mti huo wa miombo huchukua miongo mingi hadi ufae kupasuliwa mbao. Dini yetu imekataza israfu hata katika maji ya udhu. Sembuse mti ambao aliyeukata hataishi kuuona mwingine wa ukubwa huo!

Mtu aweza kuuliza: kwa nini chombo kisichongwe katika gogo zima? Jibu limo katika tabia ya mbao. Mbao ikikauka husinyaa, na husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wa mti kuliko kuelekea moyoni. Kwa miti mingi tofauti hukaribia mara mbili. Ndiyo maana gogo zima hupasuka. Vipande vidogo hukauka haraka na kwa usawa. Tena vikipangwa kwa mduara, nyuzi za mbao nazo huuzunguka mduara huo, na patasi haikutani na ncha ngumu za mbao kila nusu mzunguko.

HESABU KABLA YA MSUMENO

Ufundi huu huanza kwa kalamu. Mduara una nyuzi 360. Fundi akitaka pete ya vipande 12, kila kipande kitabeba nyuzi 30, na kila ncha yake itakatwa kwa nyuzi 15. Kwa pete yenye upana wa sentimita 20, upande wa nje wa kila kipande utakuwa na urefu wa sentimita 5.4 hivi, na upande wa ndani utakuwa mfupi zaidi. Mwanafunzi wa sekondari aliyeshika somo la hisabati anaweza kumfanyia baba yake hesabu hii mezani baada ya chakula cha jioni.

Ugumu uko katika usahihi. Vipande 12 vina ncha 24. Msumeno ukikosea nusu ya nyuzi moja tu katika kila ncha, kosa lisiloonekana kwa macho, mwisho wa pete kosa hilo limekuwa nyuzi 12, na pengo linatosha kupitisha kidole. Kwa hiyo fundi hutengeneza kwanza kielekezi cha mbao ngumu cha kuushikilia msumeno katika pembe ileile, na hukata vipande vyote bila kukigusa tena.

Ipo hila njema ya kusahihisha kosa dogo. Fundi huunganisha kwanza nusu mbili za pete, vipande sita kwa sita, na kuziacha zikauke. Kisha husugua ncha za kila nusu juu ya ubao ulionyooka uliobandikwa msasa, mpaka nusu hizo zikutane bila mwanga kupita. Hapo ndipo pete hufungwa. Vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli vikizungushwa kwa nguvu hubana pete vizuri mpaka gundi ishike.

Pete zikikamilika husawazishwa juu na chini, kisha hupandishwa moja juu ya nyingine kama mwashi apangavyo matofali: kiungo cha pete ya juu hukaa katikati ya kipande cha pete ya chini. Pete kumi zenye unene wa sentimita mbili hutoa chombo cha urefu wa sentimita 20 chenye vipande 120.

Mambo mawili huvunja kazi hii baadaye. La kwanza ni unyevu. Ufipa ina mvua tangu Novemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu na upepo. Mbao iliyoungwa ikiwa mbichi wakati wa mvua itaachana wakati wa kiangazi. La pili ni kitako. Kibao kipana kisicho na viungo, kikibanwa ndani ya pete, hutanuka na kuipasua. Kitako kiwe kidogo, au nacho kiundwe kwa vipande.

KEREZO NA TAHADHARI ZAKE

Kukereza si ugeni kwa Waswahili. Miguu ya vitanda vya kale vya Lamu na visiwa vya jirani ilikerezwa, wakati ambapo kerezo liliendeshwa kwa upinde: mkono mmoja ukivuta upinde, mwingine ukishika patasi. Leo mota ya umeme hufanya kazi ya upinde, na hatari imeongezeka kwa kadiri hiyo. Kiungo dhaifu kikiachia, kipande huruka kama jiwe la kombeo.

Kwa hiyo kerezo lianze kwa mwendo wa polepole, na fundi asisimame mkabala na pete inayozunguka. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Kanzu, mikono mirefu, kilemba na mtandio usiofungwa vizuri havina nafasi karibu na mashine. Vumbi la mninga huweza kuwasha ngozi na kubana kifua; barakoa ivaliwe na watoto wakae mbali. Patasi isitengenezwe kwa tupa kuukuu, maana chuma cha tupa ni kigumu lakini huvunjika ghafla.

MIMBARI YA QUDS

Ummah wetu umewahi kuona ufundi wa vipande ukifikia kilele. Mimbari iliyoagizwa na Sultani Nuruddin Zengi huko Halab, ambayo Salahuddin aliiweka katika Msikiti wa Al-Aqsa baada ya Quds kukombolewa mwaka 1187, iliundwa kwa maelfu ya vipande vilivyoshikana bila msumari wala gundi. Ilidumu karibu karne nane. Tarehe 21 Agosti 1969 iliteketezwa kwa moto uliowashwa makusudi. Kuitengeneza upya nchini Jordan kulichukua miaka mingi, kwa kuwa wajuzi wa ufundi ule walikuwa wachache mno. Mimbari mpya iliwekwa mahali pake mwaka 2007. Mbao zilipatikana upesi kuliko mikono iliyojua kuziunga.

SOKONI

Kasesya hupitiwa na wasafiri na wafanyabiashara wa nchi mbili, na kitu kidogo kizuri huingia katika mkoba wa msafiri kwa urahisi kuliko kabati. Muuzaji ahesabu saa zake: chombo cha vipande 120 kina ncha 240 zilizokatwa moja moja, nacho hakiwezi kuuzwa kwa bei ya sufuria. Aweke pia ushahidi wa mahali alikopata mbao, kwa kuwa mazao ya misitu husafirishwa kwa vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, na mpakani maswali huulizwa.

Zaidi ya yote, amweleze mnunuzi ukweli. Chombo hiki ni cha maua makavu. Maji yakikaa ndani yake viungo vitaharibika, hata kikipakwa nta ya nyuki na mafuta. Anayetaka maua mabichi aweke gilasi ndani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea muuzaji aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya nafaka kavu. Kiungo kibovu kilichozibwa kwa unga wa mbao na gundi ni nafaka ileile.

Anayetaka kuanza asikimbilie kununua mashine. Aombe kwa fundi wa mtaani mabaki ya paini, aunde pete moja ya vipande 12, aiache siku mbili ikauke, kisha aivunje kwa nyundo. Mbao ikipasuka na kiungo kikabaki kimeshikana, amefuzu. Kiungo kikiachia, arudi kwenye kielekezi chake na kukipima upya.