Studio ya Vugiri na Sauti za Santuri

Kijana wa Mikinduri, penye vilima vya Nyambene, akitazama filamu kwenye simu huku miraa ikifungwa mabunda, hashangai hata kidogo kumsikia mhusika akinena Kiswahili; ilhali jambo hilo, miaka takriban tisini iliyopita, liliwashughulisha mno Waingereza waliofungua studio huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika.

Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani na kwa ridhaa ya serikali ya kikoloni, lilimkabidhi Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, kazi ya kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika. Na hadi mradi ulipokoma mwaka 1937 zilikuwa zimetoka filamu fupi 35 hivi, juu ya safura, kahawa, mmomonyoko wa udongo, kodi na akiba ya posta. Aghalabu zilikuwa hotuba za bwana shauri zilizotiwa picha.

Ufundi wake, lakini, wastahili kuhadithiwa. Filamu yenyewe, ya milimita 16, ilikuwa bubu, kwa sababu kuitia sauti kulikuwa ghali. Basi maneno yakanaswa kando juu ya sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyinginezo, hata picha ile ile ikaweza kusema hivi hapa na vile kule. Lori likazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, limepakia mashine ya umeme, kitambaa cheupe na hizo santuri. Na sindano ikiteleza, mdomo wa mtu hufumba na sauti yake ikaendelea!

Wakoloni hawakukubali kuugharimia mradi baada ya hapo. Mwaka 1939 ikaundwa London idara mpya ya filamu za makoloni, chini ya William Sellers, aliyeshikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, dhana ambayo kwangu ni dharau iliyovishwa joho la elimu. Magari yake ya sinema yaliambatana na mkalimani mwenye kipaza sauti; naye, tofauti na santuri, aliweza kuongeza chumvi, kuruka asilolipenda, na kumjibu mzee aliyeuliza swali kutoka nyuma.