Nafasi ya Chaguo katika Mipango ya Afya Mahali pa Kazi: Mfano wa Wilaya ya Kongwa

Mpango wa afya mahali pa kazi ni utaratibu unaowekwa na mwajiri ili kulinda siha ya watumishi wake. Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, Waraka Na. 2 wa mwaka 2014 unahusu VVU, UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukiza. Hata hivyo, mazingira ya kazi hayalingani. Wilayani Kongwa, karani wa halmashauri hukaa kitini kutwa, mchungaji wa Ranchi ya Kongwa hufuata ng'ombe juani, na mwalimu wa Hogoro yu mbali na makao makuu. Mbio za pamoja humfaa wa kwanza. Wa pili huhitaji zaidi maji, kivuli na kipimo cha brusela. Wa tatu huhitaji huduma imfuate kijijini. Aidha, Sheria Na. 28 ya mwaka 2008 hutaka upimaji wa VVU uwe wa hiari, isipokuwa katika hali chache, na majibu yawe siri. Pasipo chaguo, mtumishi asiyeshiriki huhesabiwa mkaidi, kumbe mpango wenyewe ndio haukumfikia.