Nyota Zinapoota Mikia

Mtu apigaye picha za anga kwa darubini ya kioo hukutana na ajabu hii: nyota za katikati ya picha ni vitone safi, bali zile za pembeni zimeota mikia. Kasoro hiyo huitwa koma.

Koma haitokani na uzembe wa fundi. Kioo cha parabola hukusanya vyema mwanga unaokijia moja kwa moja. Mwanga unaoingia kwa mshazari hutawanyika. Darubini fupi yenye kioo kipana ndiyo huathirika zaidi.

Hata darubini ya Hale, iliyozinduliwa mwaka 1948 juu ya mlima Palomar, Marekani, haikusalimika, ingawa kioo chake kina upana wa mita 5. Mtaalamu Frank Ross alibuni lenzi maalumu za kunyoosha mwanga huo kabla haujafika kwenye bamba la picha.

Leo kifaa cha namna hiyo, yaani kirekebisha koma, hupatikana hata kwa darubini ndogo. Hufungwa mbele ya kamera, na vingi hutaka milimita 55 hadi kwenye kihisi cha picha. Umbali ukikosewa, mikia hurudi.

Galaksi hafifu huhitaji saa nyingi za kupigwa picha. Basi usiku unapoanza, piga picha moja fupi, uzikague pembe zake nne. Ukiona mikia, ongeza au punguza pete za nafasi. Haraka haraka haina baraka. Usiku uliopotea haurudi.