Vivumishi vya Kiingereza: Nafasi hugeuza maana

KIVUMISHI ni neno linalotoa habari zaidi kuhusu nomino au kiwakilishi, kama vile sifa, ukubwa, rangi au asili. Maana hii inafaa Kiswahili na Kiingereza pia. Tofauti hujitokeza katika matumizi.

Katika Kiswahili, kivumishi aghalabu hufuata nomino. Vivumishi vyenye asili ya Kibantu huchukua viambishi vya upatanisho: mtoto mzuri, watoto wazuri, kitabu kizuri. Vile vya kukopwa kama safi, ghali na hodari havibadiliki. Vivumishi vya Kiingereza, ukiondoa vionyeshi 'this' na 'that', hufanana na kundi hili la pili: 'good child', 'good children'.

Kwa kuwa umbo halibadiliki, nafasi ya neno katika sentensi huwa na uzito mkubwa. Kivumishi cha Kiingereza hutumika katika nafasi tatu:

(a) Kabla ya nomino: 'a long road'.

(b) Baada ya vitenzi kama 'be', 'seem' na 'become': 'The road is long'. Maneno kama 'asleep' na 'afraid' hutumika hapa, wala hayatangulii nomino. Hatusemi 'an asleep child' bali 'a sleeping child'.

(c) Baada ya nomino au kiwakilishi: 'something new'.

Ikumbukwe kwamba kuhamisha kivumishi kunaweza kugeuza maana kabisa. 'The chairman is late' ni mwenyekiti amechelewa, ilhali 'the late chairman' ni marehemu mwenyekiti. Barua ya shule inayowaita 'the parents concerned' inawataka wazazi wanaohusika pekee. Ikiandikwa 'the concerned parents', inawazungumzia wazazi wenye wasiwasi.

Kosa la aina hii linaweza hata kukwamisha kura. Chukulia kwamba chama kina wanachama 30 na waliofika mkutanoni ni 18. Katiba yake ikidai thuluthi mbili ya 'the members present', yaani wanachama waliohudhuria, kura 12 zinatosha kupitisha hoja. Ikisema 'the present members', maana yake ni wanachama wa sasa, wawe wamefika au hawakufika, hivyo zinahitajika kura 20. Hata waliohudhuria wote wakiunga mkono, hoja haipiti.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayetafsiri, au katibu anayeandika kumbukumbu za mkutano, asitosheke na maana ya kwanza anayoikuta katika kamusi. Kabla ya kuteua neno la Kiswahili, atazame kwanza kivumishi kimekaa wapi: kimetangulia nomino, kimeifuata, au kimekuja baada ya kitenzi?