Sura ya Kwanza Isiwe ya Kuweka Mfumo

Hivi majuzi mwalimu mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, alinikabidhi mswada wa kitabu anachokusudia kuwafunzia wanafunzi wa sekondari matumizi ya mfumo endeshi wa kompyuta. Lugha yake ni nyofu na michoro yapendeza. Hata hivyo, nilipofungua ukurasa wa yaliyomo nilishusha pumzi. Sura ya kwanza ni historia ya kompyuta. Ya pili ni jinsi ya kuuweka mfumo kwenye mashine. Namna ya kuhifadhi kazi imengoja hadi sura ya tisa, na jinsi ya kuizima kompyuta sikuiona popote.

Sisemi haya kwa kumdunisha. Kosa hilo ni la wengi. Mwongozo uitwao Getting Started with Ubuntu 10.04, uliotolewa mwaka 2010 kwa ajili ya wanaoanza, nao ulifungua kwa sura ya kuweka mfumo. Yamkini wao walikuwa na sababu, maana msomaji wao alikuwa na mashine yake mwenyewe ambayo Ubuntu haikuwemo. Mwanafunzi wetu huikuta mashine i tayari, tena ni mali ya shule.

Nina sababu ya kulishupalia jambo hili. Katika shule moja niliyofundisha zamani, mvulana mwenye bidii alitwaa kitabu, akaanza mwanzo kama alivyozoezwa katika hisabati, akafuata hatua za kuweka mfumo moja baada ya nyingine. Mashine ilipouliza kama diski ifutwe yote, kitabu kilimwambia akubali, naye akakubali. Kazi za mradi za Kidato cha Nne zilizokuwamo zilitoweka siku hiyo. Adhabu alipewa yeye. Kitabu kikarudishwa rafuni.

Wako pia wanaopanga sura kwa alfabeti, desturi tuliyoirithi kutoka enzi za MS-DOS, ambapo amri ziliorodheshwa kama maneno ya kamusi. Kwa mpango huo msomaji hukutana na DEL, ya kufuta faili, na FORMAT, ya kuisafisha diski nzima, kabla hajaifikia MKDIR, ya kuunda folda. Orodha kama hiyo humfaa ajuaye anachokitafuta. Asiyejua itamfunza kubomoa kabla ya kujenga.

Mimi ningeanza na kuwasha na kuzima, kisha kipanya na kibodi, na hapo nisingeona haya kuruhusu mchezo. Microsoft walipotoa Windows 3.0 mwaka 1990 walitia ndani mchezo wa karata, Solitaire, na wengi walijifunza kuburuta vitu kwa kipanya pasipo kujua kwamba wamo darasani. Mara tu baada ya hapo ningeleta sura ya kuhifadhi kazi, na ningeipa kurasa nyingi kuliko zote. Mwanafunzi hana budi kuelewa kwamba anachokiona kwenye skrini kabla hajakihifadhi kimo katika kumbukumbu ya muda tu, na umeme ukikatika hupotea. Aidha, aelewe faili inakaa wapi na folda ni nini, kwa mfano wa kabati la ofisi ya shule analolijua. Programu, uchapishaji na nywila vitafuata. Kuweka mfumo kuje mwisho kabisa, nyuma ya sura ya kutengeneza nakala za akiba.

Rafiki yangu alinijibu kwamba nyumba huanzia kwenye msingi. Nikamwambia kwamba mwanafunzi ni mpangaji; mpangaji huonyeshwa kwanza mlango, ufunguo na swichi ya taa. Alicheka, akauchukua mswada wake, na juma lililopita akaniletea mpango mpya. Sura ya kuweka mfumo imekwenda mwisho, na kuzima kumepata nafasi. Historia bado imekalia sura ya kwanza, na juu ya hiyo tungali tunabishana.