Mwamba, Wimbi na Malori

Anayepita Busia au Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hukumbuka foleni ya malori, wabadilisha fedha na bodaboda. Anayefika Tororo, upande wa Uganda, huongeza mwamba, jabali la volkano lililosimama peke yake juu ya mji. Mawe ya chokaa ya hapo jirani yanasagwa saruji tangu enzi za mkoloni, na vilima vya Sukulu vina fosfeti ya mbolea. Thamani ya miamba hii inajulikana vizuri, kwa tani.

Thamani isiyopimwa kwa tani imechelewa kutambuliwa. Kule Teso Kaskazini, upande wa Kenya, lipo pango la Kakapel. Ukutani mna duara zilizochorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe na watu waliotangulia, kisha ng'ombe waliochorwa na waliokuja baadaye. Chini ya michoro hiyo wanaakiolojia walichimba udongo, wakaumimina majini, wakaokota vilivyoelea. Mwaka 2024 wakatangaza walichopata: kunde iliyoungua miaka 2,300 hivi iliyopita, miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa kilimo cha mimea katika Afrika Mashariki, na wimbi la miaka kama 1,000.

Wimbi hilo halijahama. Unga wake huchachushwa, hukaangwa, huanikwa, kisha huchanganywa na kimea: ndiyo ajono ya Wateso. Chungu huwekwa katikati, maji ya moto huongezwa kila yanapopungua, na kila mnywaji hushika mrija wake mrefu wenye kichujio nchani. Kukaa nako kuna utaratibu. Mkwe hajiketii popote apendapo. Ukinywa Tororo au ukinywa Amagoro, upande wa Kenya, adabu ni ile ile.

Mpaka ndio mgeni hapa. Hadi mwaka 1902 eneo hili lote lilikuwa Uganda, na Uganda ilifika mpaka Naivasha. Waingereza walihamisha mkoa mzima wa mashariki ili reli iwe chini ya utawala mmoja. Wateso na Wasamia wakajikuta wana serikali mbili bila kuhama hata boma moja.

Kwingineko michoro kama ya Kakapel hulindwa. Kule Altamira, karibu na pwani ya kaskazini ya Hispania, pango la michoro lilifungiwa umma mwaka 1977 kwa sababu pumzi za watalii zilikuwa zinaiharibu, na wageni wakajengewa nakala. Kakapel haijapata bahati ya kuwa na tatizo hilo. Moshi mwingi wa jirani ni wa malori ya Malaba.

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa mwaka 2018 ili mzigo ukaguliwe mara moja tu. Duara za Kakapel zina ndugu zao Nyero, wilayani Kumi, nchini Uganda: rangi zile zile, mkono unaofanana. Hizo bado zinatunzwa na idara mbili za nchi mbili. Lori limehudumiwa kwanza.