Rilaksa Haifuti Tatuu

Swali huulizwa kwa sauti ya chini, mkono umefichwa ndani ya kanga: "Daktari, nipake nini itoke?" Msusi amepata nafasi kwenye saluni ya hoteli, bosi hataki kuona michoro mikononi, na wenzake wameshampa jibu kabla hajafika kliniki. Rilaksa. Ikishindikana, mkorogo. Wengine hulileta swali hilo wakiwa wameshaungua.

Basi lieleweke: hakuna kitu cha kupaka kinachofuta tatuu. Hakuna.

Hina ya harusi huisha baada ya wiki mbili tatu kwa sababu rangi yake hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, ambalo hupukutika na kujijenga upya kila siku. Sindano ya tatuu hulipita tabaka hilo na kuacha wino chini yake, kina cha milimita moja hadi mbili. Huko humezwa na seli za kinga ziitwazo makrofaji. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kutumia panya kwamba seli hiyo ikifa huutema wino, na seli changa inayoshika nafasi yake huumeza tena. Ndivyo mchoro unavyodumu. Bibi wa Kimakonde aliyechanjwa nembo usoni akiwa msichana huzeeka nazo. Jua, sabuni na miaka haviziondoi. Losheni ya kopo itaziondoaje?

Sasa rilaksa. Nyingi zina alkali kali kama kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, na pH yake hufika 12 au zaidi. Kazi yake ni kuvunja vifungo vya protini vinavyoupa unywele msokoto. Ngozi nayo ni protini. Msusi analijua hili kuliko sisi sote: ndiye anayepaka mafuta kuzunguka kichwa cha mteja, anayetazama saa, anayemkimbiza mteja kwenye sinki anaposema inachoma. Halafu dawa hiyohiyo anaipaka mkononi mwake, anaifunga kwa nailoni na kuiacha, eti inavuta wino! Kinachotoka ni ngozi. Gamba likidondoka mchoro huonekana umefifia kwa sababu kovu limeufunika, na wino uliobaki uko palepale chini yake. Kwa watu wenye ngozi nyeusi hatari ya kovu kuvimba na kuwa keloidi ni kubwa zaidi. Mwenye ua la kuchora anaweza kubaki na uvimbe wenye umbo la ua.

Mkorogo haufiki hata kwenye wino. Haidrokwinoni, ambayo mara nyingi imo ndani yake, hupunguza melanini, rangi ya asili ya ngozi, na wino si melanini. Ngozi ya pembeni hupauka, mchoro mweusi ukazidi kuonekana. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki, na bado vinauzwa.

Njia zilizopo ni hizi. Nguo ya mikono mirefu, au glavu ikiwa mchoro uko kiganjani. Msusi asiifunike tatuu kwa piko: kemikali ya PPD iliyomo ndiyo iliyomo kwenye rangi nyingi za nywele, na mzio ukishaanza, kushika rangi hizo kazini kunakuwa shida. Anayetaka ifutike atafute leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, inayoifaa zaidi ngozi nyeusi. Ni vikao kadhaa vinavyoachana kwa wiki kadhaa, wino mweusi hutii, kijani na njano husumbua. Tatuu ndogo sana hukatwa kwa upasuaji. Tatuu mpya au kipini kipya ni kidonda: kisiguswe na dawa za saluni mpaka kipone. Chanjo ya homa ya ini B ni muhimu kwa kila anayeshika nyembe. Na wenye saluni waelewe kwamba tatuu iliyopona haimwambukizi mteja chochote. Wembe uliotumika mara mbili unaweza.

Aliyepaka rilaksa leo afungue bomba sasa hivi, aache maji yapite juu ya jeraha kwa angalau dakika 20, asipake siki wala dawa ya meno, kisha aende hospitali leo hii, hata kama maumivu yametulia.